Kukunja Uso

Mama mmoja wa Gahanga alirudi dukani kwangu akiwa na pua mkononi. Ilikuwa pua ya kuchorwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya kaki, na aliyeichora ni mimi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemfungia gauni lake pamoja na vipande vya kitenge vilivyobaki, kama ninavyomfungia kila mteja, na bila kujua nikaifunga ile karatasi humo humo.

"Fundi, hii nayo iko yangu?" aliniuliza mbele ya watu waliokuwa wamekaa barazani. "Mimi nilileta kitenge peke yake." Akaigeuza karatasi juu chini. "Ama iko kiazi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Niliinyakua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikasema ni michezo ya mtoto. Jirani yangu muuza mkaa, ambaye hajawahi kunyamaza pale panapofaa kunyamaza, akauliza ni mtoto gani huyo, maana wangu wa mwisho alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu. Wiki nzima watu walinisalimia huku wamejishika pua.

Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Hapa Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu wa Kigali, nilijulikana kwa kanzu: nilikuwa nikimtazama mtu anavyoingia mlangoni, nakata, na kanzu inamkaa. Sasa mtu mwenye sifa hiyo alikuwa anajificha nyuma ya kabati la vitambaa ili ajifunze kuchora pua. Aibu ya mtoto asiyejua ni ndogo, kwa sababu hakuna anayemtegemea ajue. Aibu ya mtu mzima ina ndevu, nayo inatembea naye mpaka sokoni.

Kushona nilifundishwa na mama. Alibaki mjane mapema, akatulea mimi na mdogo wangu wa kike kwa cherehani ya mkono, na siku aliponikabidhi mkasi alinipa pamoja na sharti lake: kipande cha mtu kinarudi kwa mtu. Hata kiwe kidogo cha kumfutia mtoto kamasi, kikunje, kifunge, mrudishie mwenyewe. "Fundi anayebaki na vipande ni mwizi asiyeruka ukuta," alisema. Mpaka leo sijalala na kipande cha mteja. Ndiyo maana ile pua ilifika Gahanga.

Kuchora kulinijia kwa sababu ya kukosa kazi. Vita vilikuwa vimeanza kule mpakani kaskazini. Mjini kukawekwa vizuizi barabarani na amri ya kutotembea usiku, na watu wakaacha kushonesha. Harusi zilifanywa kimyakimya, kwa nguo za zamani. Nilikaa mbele ya cherehani mchana kutwa nikitazama watu wanaopita. Baraza letu tulikuwa tumepanga pamoja na mchoraji mmoja Mzaire, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na kuchora vichwa kwenye mbao za vinyozi. Vile vichwa ndivyo vilivyonipata. Alikuwa anaanza na mstari mmoja tu, wa shavu, huku anapiga mluzi, na mara unaona mtu anakutazama kutoka kwenye ubao. Nilimwonea wivu. Na kwangu mimi wivu ndio mlango wa mapenzi yote. Hata mke wangu nilimpenda baada ya kusikia mtu mwingine akimsifu.

Nikaanza peke yangu, kwa chaki ya kukatia nguo. Na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilichora kama ninavyoshona. Hapa lazima nieleze kidogo. Sisi mafundi hatukati mtu mzima. Tunakunja kitambaa katikati, tunakata nusu, na tukikikunjua mtu mzima anatokea, bega kwa bega. Kwa fundi, mwanadamu ni nusu. Nusu ya pili inaletwa na mkunjo. Basi nami nikawa nachora nusu ya uso: jicho moja, tundu moja la pua, nusu ya mdomo. Halafu naikunja karatasi, naibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nyuma yake, nafuatisha mistari upande wa pili. Nikikunjua, nakuta uso mzima. Niliamini nimegundua siri ambayo wachoraji wote huificha.

Mzaire alizikuta nyuso zangu siku alipoingia kuomba uzi. Alizipanga mezani, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Fundi, hii watu inatoka mu mashini?" akauliza.

Nikamweleza siri yangu, tena kwa kujigamba kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sura haikunjwake, ndugu yangu. Sura si shimizi," akasema akinivuta shati. "Angaria mimi." Akajigusa jicho moja, halafu la pili. "Hii iko juu, hii iko chini kidogo. Pua inaenda kwa baba, mudomo unabaki kwa mama. Ukikunja, unatoa mutu, unabakisha nguo."

Nilikasirika. Mimi nikikosolewa hukasirika kwanza, kusikia huja baadaye. Siku hiyo sikumpa uzi. Nyumbani nikamweleza mke wangu jinsi nilivyotukanwa, nikitarajia anitetee. Yeye alikuwa anachagua mchele.

"Baba watoto, samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Wewe umeshakauka, unataka kukunjwa na nani?"

Nikamwambia basi angalau ninahitaji kalamu mpya. Hapa kwetu ndimi nyingi huchanganya l na r, naye akajifanya hakusikia vizuri. "Kalamu ama karamu?" akauliza. "Maana humu ndani vyote viwili vimekwisha."

Lakini nilirudi kwa Mzaire, nimenywea, na kibonge cha uzi mkononi. Tukakubaliana anifundishe, nami nimshonee suruali. Tulikuwa tunakaa baada ya sala ya adhuhuri, mlango umerudishiwa. Alinikataza kabisa kukunja. Alinipa mabaki ya rangi zake za mabango, makopo yaliyokuwa yameshafanya utando juu, akanionyesha kwamba mtu mweusi si mweusi: ana wekundu ndani yake, ana kahawia, hata kijani kidogo chini ya taya. Nilikuwa nimewavisha watu kwa miaka yote ile bila kujua rangi zao. Kuna alasiri nyingine nilisahau kabisa kwamba kuna vita. Nasema hivyo kwa haya, kwa sababu walikuwepo watu ambao hawakupewa nafasi ya kusahau.

Sikuwaonea haya majirani tu. Kwetu wapo wanaochukia mtu kuchora kiumbe chenye roho. Wanasema siku ya kiyama ataambiwa aipulizie roho picha yake, na hataweza. Nilikuwa nikitoka msikitini nimeficha vidole ndani ya mikono ya kanzu, maana rangi ya mabango haitoki kwa sabuni. Na mara moja, nikiwa nabeba michoro yangu kwenda nyumbani, askari wa kizuizini alinitaka nilifungue furushi langu la karatasi. Wakati ule mtu aliyebeba karatasi zilizoviringishwa alikuwa anatiliwa shaka, huenda ni ramani. Akazitandaza juu ya meza yao, moja moja, watu wamepanga foleni nyuma yangu: masikio, macho, pua, pua, pua. Akaniuliza ni za nani. Nikasema ni zangu. Akanitazama nywele zangu za mvi, akazitazama pua, akanirudishia. "Genda, muzehe," akasema, nenda mzee, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Afadhali angenifokea.

Sasa nije kwa mama, maana haya yote nayaeleza kwa ajili yake.

Mama alikuwa anaishi nasi, kwenye chumba cha uani. Mwaka mmoja hivi kabla ya haya alipatwa na kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi kwa kuburuta, lakini uso haukurudi. Upande wa kushoto ulishuka wote, kope ya chini, shavu na kona ya mdomo, kama pazia lililong'oka msumari mmoja. Maneno yake nayo yaliharibika. Herufi zinazotaka midomo ikutane, m na b na p, zilikuwa zinamponyoka. Hapa nayaandika maneno yake yakiwa yamenyooka, lakini hayakutoka hivyo. Muda wote alikuwa ameshika pindo la mtandio, amelivuta kufunika upande ule, hata akila, hata tukiwa sisi tu. Alikuwa amewahi kuwa mwanamke mzuri, na alijua. Zamani mtaani ukisikia mtu amesema "yule mzuri wa cherehani", hukuhitaji kuuliza.

Basi akaja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma na salamu za mdogo wangu. Mdogo wangu ameolewa huko. Tangu mama augue hakuwa amemwona, na kwa hali ya njia siku zile hakujua atamwona lini. Aliomba kitu kimoja tu, picha ya mama. Mtu wa dagaa alikuwa anarudi Kigoma Jumamosi.

Nikampelekea mama habari: nitamleta mpiga picha hapa hapa nyumbani, ni jambo la dakika chache. Akakataa. Nikambembeleza, mke wangu akambembeleza, akazidi kuuvuta mtandio.

"Uso umeumbwa na haya," akasema, "na ile kamera haina haya hata chembe."

Tukamwacha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Watu wanasema siku hizi unachora pua."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mtoto wa miaka kumi angejitetea. Mimi nilisimama pale nikikuna kisogo.

"Nichore wewe," akasema. "Lakini nusu tu. Nusu haina roho, Mwenyezi Mungu hatakudai."

Fatwa hiyo sijaisikia kwa mwalimu yeyote, wala sikwenda kuiuliza. Sote wawili tulijua anasema nusu gani, na sote wawili tukajifanya ni suala la dini.

Nilimchora Jumatano alasiri, uani, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye kigoda changu upande wake wa kulia. Mtandio hakuuondoa. Ulishuka katikati ya uso, ukapita juu ya pua hadi kidevuni, nami nikachora kila kilichokuwa upande wangu. Nilichora lile jicho kali. Nilichora ule mkunjo wa kando ya mdomo ambao tangu utotoni ulikuwa unaniambia kama nitachapwa au nitasamehewa. Sijui ilitoka wapi, lakini ilitoka: nusu ya mama yangu, inanitazama, na nusu ya pili karatasi tupu. Sijawahi kuchora vizuri vile, kabla wala baada.

Mzaire alipoiona hakucheka. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Acha vile iko," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikaingia nayo dukani, nikarudishia mlango, nikaitazama ile nusu tupu. Nilijiambia mdogo wangu atashtuka akipelekewa nusu ya mama. Nilijiambia ni zawadi. Nilijiambia mengi, kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza kukunja. Niliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, nikafuatisha jicho, nikafuatisha shavu, nikafuatisha mdomo. Nikaikunjua, nikapaka rangi, kahawia yenye wekundu ndani, na mtandio wa buluu niliourudisha nyuma ya masikio yote mawili. Mama yangu akawa mzima. Mdomo umenyooka, macho yako sawa, mzuri kama siku aliponipa mkasi. Nikalia. Tena nililia kwa majivuno, mimi ambaye nilikuwa nimekatazwa na mwalimu wangu na nimeombwa nusu na mwenye uso.

Kesho yake, jua likiwa bado halijashuka, nikampelekea. Nilikuwa nimeifunga kwa karatasi ya kaki kama nguo ya mteja. Mke wangu alikuwa anamlisha uji. Nikaifungua, nikaishika picha mbele yake kwa mikono miwili, kama ninavyomwonyesha bwana harusi kanzu yake, nikasubiri sifa.

Mama akaitazama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

Akaitazama tena. Halafu akanyoosha kidole, akakipitisha katikati ya ule uso, juu ya alama ya mkunjo, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Mtu aliyeshona maisha yake yote hahitaji kuambiwa.

"Umekunja," akasema.

Niliishusha picha kidogo.

"Nimepokea wageni miaka yote hii sijamkunjia mtu uso," akasema. "Leo wewe ndiye umenikunja."

Ulikuwa utani, na mke wangu akacheka kidogo. Nilikishukuru kicheko kile, nikadhani mambo yameisha. Lakini mama akausogeza kando mkono wa mke wangu wenye kijiko, akaninyooshea wake, kiganja juu, kama mteja anayedai.

"Na kipande changu kilichobaki kiko wapi?"

Katika kazi yangu yote sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nilisimama na picha yangu, masikio yanawaka. Nilifungua mdomo kusema kwamba ni yeye aliyetaka nusu, naye hakunipa nafasi.

"Nusu niliyokupa ilikuwa yangu," akasema. "Huyu mzima umemtoa wapi?"

Nikataka kukaa. Nikaenda pale ninapokaa siku zote, na nilipoinama kukivuta kigoda ndipo nikaona. Kigoda changu kilikuwa upande wake wa kulia. Kilikuwa hapo tangu augue. Upande wa kushoto palikuwa na kigoda cha mke wangu peke yake, kwa sababu chakula kilikuwa kinamwagika upande ule na ilibidi awepo mtu wa kufuta. Asubuhi na jioni nilikuwa nakuja kumwamkia mama, mwana mwema, mtaa mzima unanisifu, na sikuwahi hata mara moja kukaa upande ule. Hakuna aliyenikataza. Yeye aliuficha uso kwa mtandio, nami nikamsaidia kuuficha kwa kigoda, na kwa kila siku niliyokaa pale kulia nilikuwa namwambia kwamba anafanya vizuri kujifunika.

Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona, si barazani mbele ya yule mama wa Gahanga, si kizuizini. Yale yalikuwa ya pua. Haya yalikuwa ya mtu aliyenizaa.

Mke wangu alinyanyuka, akaniachia kigoda chake.

Nikakaa kushoto. Mama alinigeukia, akaliachia pindo la mtandio.

Sikuwa nimeuona uso ule kwa karibu hivyo. Jicho lilikuwa halifungi vizuri, linatoa machozi yasiyo na huzuni yoyote, yanayotoka tu. Shavu lilikuwa limelala. Kona ya mdomo ilikuwa na uji kidogo. Nikatazama chini, nikajifanya natafuta kalamu mfukoni, nikaichonga ingawa ilikuwa imechongoka. Yeye akasubiri. Nikainyoosha ile karatasi ya kaki niliyofungia picha, nikaiweka juu ya sinia, nikaanza.

Kila mstari niliouweka ulikuwa unapanda. Nilichora kona ya mdomo, ikaenda juu. Nikafuta, nikachora, ikaenda juu tena. Mikono yangu ilikuwa imezoea kunyoosha nguo za watu na haikujua kazi nyingine.

"Usinipige pasi," mama akasema.

Nikamfuta uji kwa kidole changu, kwa sababu mke wangu alikuwa ameondoka na kitambaa, nikaanza upya. Nilichora mpaka adhana ya magharibi. Picha haikuwa nzuri. Taya limezidi, sikio moja limekaa mbali na mwenzake, na mahali nilipofuta sana karatasi imetoboka. Lakini kope ilishuka pale ilipotaka kushuka. Mke wangu alikuja akaitazama juu ya bega langu.

"Huyu ndiye ninayemlisha," akasema.

Mama aliziweka picha zote mbili pajani, akazitazama kwa zamu. Akasema ile mbaya ndiyo iende Kigoma.

"Siku akija asishtuke," akasema. "Asiingie mlangoni akaanza kutafuta pa kukaa."

Halafu akaichukua ile ya kukunja, akanirudishia. Maneno yaliyofuata siyanyooshi.

"Huyu wako," akasema. "'I'i si'jui."

Sikuelewa, au nilijifanya sikuelewa. Akaweka kidole kwenye ile kona ya mdomo iliyoshuka, akaisukuma juu mpaka midomo ikakutana, akarudia polepole ili kila herufi itoke.

"Mimi simjui."

Mdogo wangu hakufika mama akiwa hai. Mama alifariki masika yaliyofuata, kitandani kwake, kwa kifo chake mwenyewe. Nalitaja hilo kwa sababu mwaka uliokuja baadaye wengi hawakuachiwa hata hicho, na mwaka ule si wa kuandikwa hapa. Tulikimbia, na tuliporudi nyumbani baada ya mwaka ule tulikuta cherehani imebebwa, milango imebebwa, hata sufuria. Ile picha ya kukunja tuliikuta ukutani. Haikuwa na faida kwa mwizi.

Ile nyingine ipo Kigoma mpaka leo. Niliwahi kumwomba mdogo wangu aniletee nikainakili. Akaniuliza, kwani wewe huna yako? Nimejaribu kumchora mama tena kwa kumbukumbu, ule upande wa kushoto. Nimejaribu mara nyingi, maana kuchora sijaacha, na pua zangu siku hizi ni pua kweli. Upande ule hautoki. Nikiinua kalamu nakuta nimeshaupiga pasi.

Kwa hiyo hii ya kukunja ndiyo iliyoko sebuleni. Wajukuu zangu hawajui sura yake nyingine. Wageni wakiingia husimama mbele yake, wakauliza ni nani, na wakiambiwa husema mama yako alikuwa mzuri sana, tazama uso ulivyonyooka. Mke wangu akiwa karibu huacha anachokifanya, akanitazama, akasubiri nitajibu nini. Mimi husema ahsante. Yeye hunyanyuka akaenda jikoni kuangalia chai.